Soba ya Mikindani, kwa macho ya mjomba aliyempeleka mpwa wake

Nimewapa nyota nne watu wa soba hii, nyumba ya kuwasaidia vijana kuacha unga, yaani heroini. Sababu ya kuizuia ya tano nitaieleza, ila nitangulie kusema kwamba mpwa wangu yuko hai, na mwaka juzi sikuwa na uhakika na hilo.

Kwetu Wamakonde mtoto wa dada yako akiharibikiwa, watu hawaendi kwa baba yake. Wanakuja kwako. Kwa hiyo alipotoka Gereza la Lilungu simu ilipigwa kwangu Newala, nikateremka Mtwara siku hiyo hiyo. Alihukumiwa miaka miwili kwa wizi wa korosho ghalani, akatoka baada ya miezi 16 kwa ile theluthi wanayopunguziwa wafungwa. Alitoka mzima, mashavu yamejaa. Wiki ya tatu nikaambiwa analala stendi juu ya maboksi na ameshaurudia unga. Dada yangu hakumfungulia mlango, na sikumlaumu, kwa maana ndani hakukuwa na kitu kilichobaki cha kuibiwa.

Nyumba yenyewe iko Mikindani, mitaa ya chini ya kilima lilipo Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Jina silitaji kwa kuwa wenyewe wameniomba: baadhi ya vijana waliomo wanatafutwa na watu wa maskani, vijiwe vya unga, wanaowadai. Anayeihitaji aende kwa afisa ustawi wa jamii, ataelekezwa kama nilivyoelekezwa mimi.

Swali langu la kwanza kwa msimamizi lilikuwa hili: "Mna mnyororo?" Miaka minne nyuma tulimpeleka nyumba nyingine, mkoa mwingine, wakamfunga mguu siku tisa. Kovu analo mpaka leo. Msimamizi hakukasirika. Alinitembeza chumba kwa chumba, akanifungulia hata stoo ya mkaa, kisha akamgeukia mpwa wangu, hakunigeukia mimi, akamuuliza: "Wewe mwenyewe unataka kukaa?" Alikubali kwa kutikisa kichwa. Akaambiwa aseme kwa mdomo. Akasema.

Arosto, yale maumivu ya mwili unapokosa unga, ilimshika siku kumi. Asiyewahi kuiona asimwambie mtu "jikaze tu". Miayo isiyokatika, jasho la baridi, magoti yanauma kama yamepondwa, kutapika na kuharisha kwa pamoja. Muda wote huo kijana mmoja aliyeacha miaka mitano iliyopita alilala kwenye mkeka pembeni ya godoro lake, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Alipopata nguvu wakampeleka Hospitali ya Ligula kupima kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Niwe mkweli kwenu: nyumba hii haitoi methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga. Hiyo ni dawa ya kliniki za serikali, hapa Tanzania ilianzia Muhimbili mwaka 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kama mtu wenu ametumia sindano miaka mingi, ulizieni hiyo hospitalini kwanza kabla ya kumleta huku akateseke bure.

Maisha ya kila siku ni ya kawaida. Wanaamka alfajiri, wanafagia, wanakaa duara wanazungumza, wanafanya kazi, wanalala mapema. Chakula ni ugali wa muhogo na samaki, siku nyingine mihogo ya nazi, na msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini, wanachemshiwa ming'oko.

Kazi yao ni kufyatua matofali, na kwa hilo naweza kuzungumza kama mteja. Nilinunua 300 ya inchi sita kwa ajili ya choo cha dada. Wanatumia saruji ya hapa hapa Mtwara, na nilisimama nikaona wanavyochanganya, hawaibi saruji. Wanayamwagilia siku saba kamili kabla ya kuyauza, jambo ambalo wafyatuaji wengi wa barabarani hawana subira nalo. Kumi na moja yalipasuka njiani juu ya guta. Nilipowaambia walileta mengine kesho yake bila kunihoji. Fedha ya matofali inagawanywa: sehemu ya jikoni, sehemu ya nyumba, na sehemu inaandikwa kwenye daftari la kila kijana, anaikuta siku ya kuondoka.

Lakini lililonifanya niandike ni kikao cha mwezi wake wa nne pale.

Wanafuata zile hatua 12 zilizoandikwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya walevi wa pombe, ambazo Narcotics Anonymous walizichukua mwaka 1953 kwa watu wa dawa za kulevya. Ya nane ni kuorodhesha watu uliowadhuru, ya tisa ni kwenda kurekebisha pale inapowezekana. Huko zilikotoka nadhani mtu huenda peke yake. Hapa msimamizi aliniambia, "Mjomba, lete ukoo." Tukaja watu tisa, tukaketi kwenye mikeka chini ya mwembe, mpwa wangu katikati na daftari lake.

Akaanza kusoma. Redio ya marehemu bibi. Baiskeli yangu. Mabati manne. Mifuko miwili ya salfa, mwaka ule mikorosho yetu iliposhikwa na ugonjwa wa ubwiri na mimi nikamshuku kibarua nikamfukuza bila malipo. Nilisikia joto masikioni. Kisha akasema, "Mama, cherehani niliichukua mimi. Niliiuza elfu arobaini."

Dada yangu alishika kichwa. Akauliza, "Na mtoto wa watu je?"

Cherehani ilipopotea alimshika binti wa jirani aliyekuwa akija kujifunza kushona. Alimwita mwizi mbele ya watu, kwenye foleni ya bomba la maji. Binti aliacha kuja, mtaa mzima Chikongola ukamjua kwa jina hilo, na mama zao hawakusalimiana tena miaka mitatu.

Nilidhani kikao kingeishia kwenye machozi na dua. Msimamizi akasema, "Hapa hatujamaliza. Wenye kikao ni hao majirani." Jumapili iliyofuata tulikwenda. Nilitangulia mimi, kama desturi inavyotaka, dada nyuma yangu, mpwa wangu nyuma ya mama yake, na msimamizi akabaki nje ya uzio. Niliongea mimi kwanza, kisha kijana akaongea mwenyewe. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Lakini mwenye neno si mimi, ni mwanangu, na yeye ameolewa Tunduru." Hatukupewa hata maji, na hatukustahili.

Binti alipopigiwa simu hakutaka fedha. Alitaka mama mkubwa, ndivyo anavyomwita dada yangu mpaka leo, aende akaseme pale pale bombani, saa ya foleni, kwamba yeye hakuiba. Dada alikwenda. Nilikuwepo. Alisimama na ndoo yake mkononi akasema kwa sauti, wanawake wakanyamaza. Yule kibarua wangu wa salfa nilimtafuta mwenyewe kule Tandahimba, nikamlipa ujira wake na zaidi.

Nimeona mahubiri mengi na semina nyingi za kuacha unga. Sijaona popote pengine wanapojua kwamba wizi wa teja humwangukia mtu wa tatu, na kwamba huyo naye anatakiwa kurudishiwa jina lake.

Jambo la pili wanalolifanya vizuri ni makaratasi. Mpwa wangu alipoteza kitambulisho cha taifa, cha NIDA, hata namba hakuikumbuka. Bila namba hiyo huwezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilizimwa. Bila laini huna fedha ya simu, na fundi anayetaka kukulipa kibarua anakuona tatizo. Walimpeleka polisi kuchukua taarifa ya upotevu, wakampeleka NIDA mara tatu mpaka ikapatikana. Siku aliponitumia elfu tano ya kwanza kwa simu nilitoka nje ya nyumba nikasimama peke yangu.

Sasa upungufu wao, na naomba wausome.

Msimu wa korosho hawajajipanga. Kuanzia Oktoba minada inaanza, mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, inajaa fedha, na wa kangomba, wanunuzi wa korosho wa magendo, wanazunguka na vipimo vyao. Kila mtu anajua wauza kete za unga nao husogea huko. Mpwa wangu alitolewa mwezi wa Novemba, wakati ambao hata mtu mzima mwenye akili yake anapata shida kujizuia. Alidumu siku kumi na mbili, akapotea. Wangemngoja mpaka Februari. Hata hivyo usiku ule msimamizi alipanda pikipiki akazunguka vijiwe mpaka akampata, na neno lake la kwanza lilikuwa "Umekula?" Alimrudisha bila kumtukana. Alinieleza pia jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua: mwili uliokaa miezi bila unga, iwe gerezani au soba, umesahau kipimo cha zamani, na ile ile kete ya zamani inaweza kuua usiku mmoja. Wangetuambia hayo siku ya kutoka, si baada ya yeye kurudia.

Hawana sehemu ya wanawake. Nikiwa pale alikuja mama na binti yake wa miaka kama ishirini, wakaambiwa hakuna chumba. Walikaa kizingitini mpaka magharibi. Sijui la kuwaambia wanawake wa Mtwara na Lindi zaidi ya kwamba hili linaniuma, na matofali yapo, na kiwanja nyuma ya nyumba kipo.

Maji ya kisima chao yana chumvi, na ada ni laki moja na nusu kwa mwezi, ambayo kwa mkulima hailipiki kabla ya mauzo. Mimi walinikubalia nilipe nusu baada ya mnada. Ulizeni, msione aibu.

Ukimpeleka mtu, beba neti, ndoo mbili, godoro jembamba, na vyeti vyake vyovyote vilivyosalia. Kutembelea ni Jumapili baada ya adhuhuri. Fedha usimpe mkononi, mpe msimamizi aiandike daftarini mbele yenu wote wawili. Na kama mama yake hajawa tayari kuja, nenda wewe mjomba, ukae naye tu chini ya mwembe, hata kama hamna la kuzungumza.