Huduma ya methadoni Dodoma: nyota nne, ya tano imebaki kituoni

Nauza chapati maharage Soko la Majengo. Mdogo wangu ametumia unga miaka tisa, na tangu mwaka jana namsindikiza kliniki kunywa dozi ya methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, yaani heroini.

Huduma ni bure, siku zote saba, hata Idi. Unaonyesha kadi dirishani, muuguzi anakupimia dawa kwenye kikombe kidogo, unakunywa mbele yake, unashushia maji, kisha lazima useme neno ajue umemeza. Mdogo wangu husema "Mbukwa!", salamu ya Kigogo, na yule muuguzi, ambaye si Mgogo hata kidogo, hucheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Baada ya wiki chache arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ilikwisha, akaanza kula. Chapati sita kwa mkao mmoja. Hasara hiyo naibeba kwa furaha.

Kasoro: foleni ya asubuhi ni ndefu, kivuli hakitoshi, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua.

Nyota niliyokata si ya kliniki. Siku moja kulikuwa na msako maskani, na mdogo wangu akazolewa akipita kwenda kunywa dozi. Makovu ya sindano mikononi yalitosha kuwa ushahidi. Nikaenda kituoni na kadi yake. Afande wa zamu akaigeuza mbele nyuma: "Mgonjwa? Ugonjwa gani wa kujitafutia?" Nikamwambia afande wangu, dawa hii inatolewa na serikali, Muhimbili walianza tangu 2011, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya yenyewe inawahimiza waraibu waende. Akajibu kazi yake ni kukamata. Sikumchukia. Mdogo wangu huyu huyu aliwahi kuuza mtungi wangu wa gesi na chakula kikiwa jikoni.

Lakini siku ya pili mahabusu alikuwa anatoka jasho, anapiga miayo, anaharisha. Akikosa dozi siku kadhaa mfululizo, kliniki haiwezi kumpa kipimo kilekile, maana mwili umeshakisahau na kinaweza kumuua. Wanamrudisha chini, aanze kupanda upya. Wakati huo mwenye kete za unga anamsubiri nje, yeye hana foleni.

Konstebo mmoja kijana ndiye aliyeuliza, "Dada, kule wanafunga saa ngapi?" Tukapanda bajaji watatu, nauli yangu. Mdogo wangu alikunywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye pingu pamoja na wa konstebo. "Mbukwa" ilitoka kwa sauti ndogo. Muuguzi hakucheka siku hiyo. Konstebo akamwomba kalamu, akaandika saa za dozi kiganjani mwake.

Mkienda, toeni nakala ya kadi mapema. Ile halisi bado iko mezani kwa afande.