Usianze na Ngome: uchambuzi wangu wa kuzuru Mombasa ya kale

Assalaam alaikum, hamjambo nyote. Leo sichambui simu wala feni. Nachambua kitu ambacho wageni hukilipia kila siku hapa kwetu, nasi wenyeji tunakipita tu tukienda kazini: kuzuru makumbusho, nyumba za kale na miji midogo iliyo kando ya Mombasa. Nimezunguka kwa matatu, kwa tuktuk na kwa miguu, kwa nauli yangu mwenyewe, hakuna aliyenilipa niseme lolote. Na neno langu nalitoa mapema, asije mtu akangoja hadi mwisho: usianze na Fort Jesus, ile ngome ya Wareno. Anza na Jumba la Mtwana, magofu yaliyoko Mtwapa.

Najua kuna walioguna. Sikilizeni kwanza.

Ngome naipenda. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mchoro ukiwa wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini mtu akiingia mle bila kujua chochote kuhusu mji uliokuwapo kabla ya hizo kuta, hutoka na hadithi ya mizinga peke yake. Mreno kaja, Muomani kamtoa, Mwingereza kaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Haya, na mwenyeji yuko wapi? Mtoto wa Mombasa anatoka pale akidhani historia yake ililetwa na jahazi.

Sasa twende Mtwapa. Ukishavuka daraja la Nyali utapita Kengeleni, na tafadhali usipapite umelala. Jina limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamishenari miaka ya 1870. Kengele ililizwa kuwatahadharisha watu kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakaribia. Nimepita pale tangu utotoni, kondakta akiita "Kengeleni! Kengeleni!", na nilikuwa mtu mzima nilipojua kengele yenyewe ni ipi. Jambo hilo bado linaniuma.

Mtwapa yenyewe ni ya kuteremka na kununua maji. Chukua boda kuelekea baharini, dakika chache tu, utashuka chini ya mibuyu.

Jumba la Mtwana si jumba moja, jamani, ni mji. Mji wa karne ya 14, wenye misikiti na nyumba za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na watu wake waliuhama katika karne ya 15. Hesabu mwenyewe: Vasco da Gama alifika pwani hii 1498. Mji huu ulishajengwa, ukakaliwa, ukaachwa, kabla hajaonekana Mreno yeyote hapa. Umri wake ulijulikana zaidi kwa vigae vya vyombo vilivyofukuliwa pale, vikiwemo vya kauri ya Kichina. Yaani mtu wa Mtwapa alikuwa akila katika sahani iliyotoka Uchina miaka mia sita na zaidi iliyopita.

Tembea polepole humo. Mimi nilikaa saa tatu. Tazama milango ilivyopangika, chumba nyuma ya chumba, cha ndani kabisa ndicho cha siri, sawa na nyumba za bibi zetu Kibokoni, Mji wa Kale. Nenda msikiti ulio karibu na maji. Nje kuna birika la kutawadhia, na mawe ya kusugulia nyayo yamepachikwa pale pale. Nilipoyaona yale mawe nilinyamaza. Mfalme hutajwa vitabuni. Lakini hapa kuna mtu ametoka baharini na mchanga miguuni, anasugua nyayo zake aingie kuswali. Huyo namjua. Huyo ni babu yangu.

Karibu na hapo kuna kaburi lenye maandishi ya Kurani, ile aya isemayo kila nafsi itaonja mauti. Usikanyage, usikalie, usipige picha umeliegemea. Nimeona watu wakifanya hivyo, na siwezi kulinyamazia.

La kujua kabla ya kwenda: vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu mawe yanakata. Jipake dawa ya mbu. Nenda asubuhi. Na ukimpata mwongozaji, mchukue, maana ukuta peke yake hausemi.

Rabai nayo inataka siku yake. Unapanda matatu hadi Mazeras kwa barabara ya Nairobi, halafu unakata kuelekea Kaloleni, minazi kila upande. Hapo ndipo wamishenari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoweka kituo chao mwaka 1846, na kanisa lao la kale sasa ni makumbusho. Nyumba zao nazo zipo. Ni mahali padogo, mtu mwenye haraka ataona nusu saa yatosha. Mimi nilivutiwa na jambo moja: kutoka kilima hiki Rebmann aliondoka akauona Kilimanjaro mwaka 1848, Krapf akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata, na wataalamu wa Ulaya wakakataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka 1882. Lakini maneno yale hakuyaokota njiani. Alifundishwa na watu, wa Mombasa na wa Rabai, na ningependa siku moja niwaone nao wamewekwa ukutani. Jirani kuna Kaya ya Warabai, msitu wao mtakatifu. Huko haendi mtu kwa kujiendea. Omba ruhusa kwa wazee.

Gede, magofu mengine ya mji wa Waswahili, ni mbali kidogo, karibu na Watamu, na imeingia orodha ya UNESCO mwaka 2024. Inastahili video yake.

Basi baada ya Jumba, na Rabai ukiweza, ndipo uje ngomeni. Mara yangu ya kwanza nililetwa na kampuni moja ya utalii, tukapewa dakika arobaini, tukasukumwa kama mbuzi wa sikukuu. Dakika arobaini ni pesa ya kutupa. Ingia asubuhi, ukae hadi adhuhuri. Beba kitambulisho, mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Anza na vitu vilivyopatikana katika merikebu ya Santo Antonio de Tanna, iliyozama hapo mbele ya ngome 1697, halafu michoro ya merikebu waliyoichora Wareno ukutani, halafu Nyumba ya Waomani.

Ukifika juu ya kuta, muulize mwongozaji habari za Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na maradhi ndiyo yaliyoua watu wengi ndani. Mwaka 1697 kapteni wa Kireno akafa, na ulinzi wa ngome ukabaki kwa Bwana Daud, Mswahili, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Wanawake, ndugu zangu, juu ya zile kuta. Ukiwa umetoka Jumba la Mtwana, habari hiyo inakuingia kwa namna nyingine, kwa kuwa unawajua hao ni watu wa miji gani.

Ukitoka, usikimbilie tuktuk. Shika Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale, kwa miguu, tazama milango ya nakshi, upite Msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570, uteremke mpaka Leven House, nyumba ya kale alikowahi kukaa Krapf. Kina dada, na kina kaka pia, vaeni mavazi ya heshima, ni mitaa ya watu. Muuza kahawa atakuwa kaketi na dele lake. Toa salamu kwanza, chukua kikombe cha kahawa chungu na kashata, ukae barazani na wazee. Kama unalo swali ulilotoka nalo Mtwapa, waulize wao.