Nimepanga vyumba viwili Łódź, Poland: bei ya tangazo siyo utakayolipa

Wadau habari zenu. Haipiti wiki bila mdogo wangu fulani au rafiki wa rafiki kunitafuta, "kaka eti Poland chumba shilingi ngapi?" na nikimtajia namba moja najua kabisa namdanganya, kwa hiyo leo nimekaa chini niandike yote, nyumba niliyoanzia na hii niliyopo sasa, pesa zilivyotoka, halafu mtu aamue mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Arusha, nilikuja Septemba 2024 kusoma masters na mji niliopo unaitwa Łódź. Usihangaike na maandishi, wenyewe wanatamka kama "Wuch", maana yake mashua, mpaka kwenye nembo ya mji kuna mashua ila bahari hakuna na mito yenyewe katikati ya mji imepitishwa chini ya ardhi tangu enzi za viwanda vya nguo. Nilichagua huku sababu ya pesa tu, Warsaw ni saa moja na kitu kwa treni lakini vyumba vya kule siviwezi. Halafu huku Chuo Kikuu cha Łódź kina kituo cha kufundisha wageni Kipolandi tangu 1952, Waafrika wengi waliosomeshwa Poland zamani walianzia hapo, kwa hiyo mtu mweusi kwenye tramu siyo sinema kivile.

Hosteli ya chuo nilichelewa kuomba nikakuta zimejaa, nikaingia kwenye matangazo mtandaoni nikaona chumba katikati ya mji, dakika chache kutoka barabara ya Piotrkowska, złoty 850 kwa mwezi. Złoty moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 700 yetu, yaani haifiki laki sita. Sasa wewe umezoea dalali wa Arusha anayetaka kodi ya miezi sita mkupuo na mwezi mmoja wa kwake juu, ukiambiwa unalipa mwezi kwa mwezi si unaona umefika peponi? Mwenzenu nikasaini.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ile 850 ni pesa ya mwenye nyumba tu. Kuna kitu kinaitwa czynsz, soma "chinsh", hiyo inaenda kwa wasimamizi wa jengo kwa ajili ya taka, ngazi kufagiliwa, maji, ukarabati na kadhalika, na kwenye tangazo ilikuwa imeandikwa chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi. Juu yake kuna media, na siyo magazeti, ni umeme, gesi, intaneti. Na kabla hujapewa funguo kuna kaucja, dhamana, mara nyingi ya mwezi mmoja. Nilitoa 850 ya dhamana na 850 ya mwezi siku moja, nikatoka pale nimebaki na hela ya mkate.

Nyumba yenyewe ni kamienica, yale majengo ya matofali ya miaka ya 1800 mwishoni yenye ua katikati. Kwa picha aisee ni nzuri, dari mita tatu na ushee, madirisha marefu, mlango wa mbao umechongwa. Oktoba nikawa napiga picha natuma nyumbani, mama anasema mwanangu unaishi ikulu. Novemba baridi ikaingia ndio nikagundua ikulu haina bomba la joto. Majengo mengi ya zamani hapa Łódź hayajaunganishwa na mfumo wa joto wa mji, kwetu kulikuwa na hita ya umeme ukutani, moja kila chumba, na hiyo dari ninayoisifia ndio inakula joto lote, joto linapanda kule juu linakaa na buibui wewe uko chini na koti na soksi pea mbili unaandika assignment.

Na hapa ndipo nilipoikumbuka Luku. Luku ukimaliza yuniti inakulilia, unajua leo nimekula umeme wa shilingi ngapi. Hapa hakuna kulia, unatumia tu, bili inakuja baada ya miezi miwili. Tulikuwa watatu mita moja, mimi, kijana mmoja Mpolandi na mwanafunzi mwingine wa kubadilishana kutoka kusini mwa Ulaya ambaye alikuwa anawasha hita usiku kucha halafu anafungua dirisha avute sigara. Januari bili ikaja, złoty 2,340. Yule Mpolandi akaishika, akaitazama, akatikisa kichwa akasema "lipa". Nikashtuka, huyu amejifunzia wapi Kiswahili, na kwa nini nilipe mimi peke yangu?! Kumbe kwa lugha ya mtaani kwao lipa ni kitu kibovu, mambo yameharibika. Tukacheka sana ila tulilipa, 780 kila mmoja, mwenye dirisha na asiye na dirisha sawasawa.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Hita ile ni wati 2,000, ukiwasha saa nane kwa siku ni yuniti 16, na yuniti moja ukijumlisha na usambazaji na kodi ilikuwa inakuja złoty 1 na ushee, karibu mara mbili ya nyumbani. Kwa mwezi ni zaidi ya 500 kwa chumba kimoja. Mimi na yule Mpolandi tulikuwa tunabana, tunazima, tunalala na maji ya moto kwenye chupa, ndio maana tukatoka na hiyo. Kwa hiyo chumba changu cha 850 ukiweka czynsz kama 150, umeme 390, na vidogo vidogo vya gesi na intaneti, mwezi wa baridi kilikuwa kinanitoka kama 1,450. Tangazo halikudanganya, nakubali, ila halikusema.

Kitu kingine ukuta wa nyuma ya kitanda. Tulikuwa tunaanika nguo ndani maana nje zinaganda, hewa haitoki, Februari ukuta ukaota ukungu mweusi. Wenyewe wanauita grzyb, neno hilohilo la uyoga, na kwa kweli ulikuwa unafanana. Nikamwambia mwenye nyumba, akanijibu nifungue dirisha dakika tano asubuhi na jioni. Ushauri ni wa kweli, Wapolandi wote wanafanya hivyo hata kwenye barafu, ila huo ukuta ulikuwa na historia kabla yangu, rangi ilipobanduka chini yake ukungu wa zamani ulikuwepo umepakwa juu. Nilipoondoka alikata 400 kwenye dhamana yangu ya kupaka rangi. Sikuwa na ushahidi. Kuna karatasi inaitwa protokół, mnaandikishana siku ya kuingia hali ya kila kitu pamoja na namba za mita, mimi siku ile nilikuwa na haraka ya kulala. Msiingie nyumba ya watu bila hiyo karatasi na picha za kila ukuta, hata kama mwenye nyumba anaonekana mcha Mungu.

Kutafuta chumba cha pili kulinichosha kuliko cha kwanza. Kwa meseji kinapatikana, ukipiga simu wakasikia Kipolandi chako cha kuungaunga kimeshachukuliwa. Mmoja aliniambia wazi anataka Wapolandi tu, angalau huyo hakunipotezea nauli. Wengine wanataka ule mkataba wa najem okazjonalny, ambao lazima uende kwa mthibitishaji uandike utahamia anwani gani hapahapa Poland siku ukifukuzwa, na mwenye anwani hiyo athibitishe kwa maandishi. Sasa mimi nina miezi mitano nchini, namjua nani wa kunipa anwani yake? Na usimtumie mtu hela ya kushikiliwa chumba hujakiona, hata kama amekutumia na kitambulisho, rafiki yangu mmoja alituma 500 akafika mlangoni akakuta wenye nyumba hawajui lolote.

Machi 2025 nikapata huku Retkinia, magharibi ya mji, magorofa ya zege ya zama za ukomunisti yamejipanga kama viberiti. Kwa picha huwezi kumtumia mama. Ghorofa ya saba, chumba kama mita kumi za mraba, naishi na mwenye nyumba mwenyewe, bibi mstaafu ambaye namuita Pani, yaani "Bi" kwa Kipolandi, kama kila mtu. 1,050 kila kitu ndani isipokuwa umeme, na umeme ni taa na jiko tu, kwa upande wangu haufiki 50. Siku ya kwanza usiku nje ni nyuzi mbili chini ya sifuri mimi nimekaa na fulana, nikahisi nimeiba kitu.

Chini ya dirisha kuna kaloryfer, yale mabapa ya chuma yanayopitisha maji ya moto kutoka mtambo wa mji, na pembeni kuna kitufe cha kuzungusha cha namba, sifuri mpaka tano. Mimi nikaweka tano, nani asiyetaka tano? Jirani wa chini, mzee mmoja mstaafu aliyekuja kumtengenezea Pani bomba la jikoni, aliingia kwangu akaona, akairudisha kwenye tatu bila kuniuliza, akanionyesha kidude cheupe kimebandikwa juu ya kaloryfer kina kioo kidogo chenye tarakimu. Hicho ndicho kinahesabu. Mwisho wa msimu wanakuja kusoma, wanapiga hesabu, unaweza kurudishiwa hela au kuongezewa deni. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, Arusha, akasema "Tengeru". Hivihivi, Tengeru! Dada yake mkubwa alizaliwa pale, familia yao ilikuwa kati ya wale wakimbizi wa Kipolandi walioletwa kuanzia 1942. Nimeenda soko la Tengeru nikiwa mdogo sijui mara ngapi, makaburi yao yapo palepale, sikuwahi kuingia. Basi toka siku hiyo nikiwa na shida ya bomba napata fundi wa bure.

Masharti ya Pani yapo na lazima useme ukweli. Viatu mlangoni, unavaa ndala za ndani. Saa nne usiku mpaka kumi na mbili asubuhi kimya, hakuna kufua na mashine. Wageni kwa taarifa. Na dagaa nilizotoka nazo nyumbani nilikaanga mara moja tu, alifungua madirisha yote, Februari ya mwaka huu, mpaka ya chooni. Sasa hivi nanunua szprotki, visamaki vyao vya moshi, ukiviweka na nyanya na kitunguu unajidanganya vizuri. Ugali nasonga wa kasza manna, semolina ile, au unga wa mahindi wa njano, na sukuma ni jarmuż, inauzwa kwenye mifuko imeshakatwa na vijiti vyake vigumu ndani, unakaa unachambua kama mchele wa kilo.

Chakula kwa kweli hakijanitesa kama pango. Natumia 600 mpaka 700 kwa mwezi nikipika mwenyewe, nafuata ofa za kwenye programu za simu za maduka ya Biedronka na Lidl. Jumapili nyingi maduka makubwa yamefungwa kwa sheria, kwa hiyo Jumamosi jioni foleni ni kama mkesha wa Idi, ukisahau unaenda kiduka cha Żabka cha jirani unalipa zaidi. Tiketi ya mwezi ya tramu na basi, huku Łódź wanaiita migawka, nalipa nusu kwa kitambulisho cha mwanafunzi. Malipo ni BLIK, tarakimu sita kwenye simu, mtu wa M-Pesa anaizoea siku moja. Koti la baridi usinunue dukani jamani, nenda lumpeks, ni mitumba kabisa, kuna maduka bei inashuka kila siku toka mzigo ulipofunguliwa mpaka siku ya mwisho, koti langu zito nililipata kwa 35 na mfukoni nikakuta pipi.

Kipato sasa, maana ndio swali linalofuata. Nafanya ghalani huko Stryków nje kidogo ya mji, barabara kuu za A1 na A2 zinapokutana, kwa saa kima cha chini kilikuwa 30.50 mwaka 2025 na 31.40 mwaka 2026. Mwanafunzi chini ya miaka 26 kwa mkataba wa zlecenie, ule wa kibarua, hakatwi kodi wala mifuko ya jamii, unachofanyia kazi ndicho unachopata, mimi saa 80 kwa mwezi inanitosha kula na kulala, ada ni habari nyingine. Lakini ndugu yangu unayeambiwa na ajenti huko nyumbani kwamba Poland mshahara wa chini kwa mwaka 2026 ni 4,806, hiyo ni kabla ya makato. Mkononi ni kama 3,600. Akikuambia na nyumba ya bure muulize mnalala wangapi chumbani.

Kwa nyota: kamienica nampa mbili, zote za dari. Retkinia nne, ya tano ameichukua dagaa. Barua ya hesabu ya joto imekuja, tumerudishiwa 186, Pani akanigawia nusu mezani bila hata kuuliza. Mkataba unaisha Septemba, ameshasema ataongeza 50. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.