Miezi saba na HP EliteDesk ya mtumba: kilichonisaidia na kinachonisumbua

Nilikuwa na laki nne, skrini ikiwa humo humo, nikitafuta kompyuta ya mezani ya binti yangu kuandikia kazi za shule na mimi kupigia hesabu za duka. Kwa hela hiyo Kariakoo kipya usahau. Nikarudi na HP EliteDesk 800 G1: prosesa (chipu kuu inayopiga hesabu) Core i5-4570, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. (Wauzaji boksi zima huliita CPU, kwa hiyo ukiulizia prosesa peke yake, taja jina lake.)

Dukani ilikuwa na Windows 11. "Haina shida, bosi." Shida ipo. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane; hii ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013. Aliyeiweka alikwepa ukaguzi, na Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine kama hiyo. Kurudi Windows 10 nako hakuna maana, msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025.

Isitoshe ilikuwa nzito. Nilikuwa naiwasha, nabandika chai, nikirudi kaduara bado kanazunguka. Nikaweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya SATA ya GB 240, nikaijaribu Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kwenye flashi, sauti na intaneti vikakubali, ndipo nikaiweka moja kwa moja. Sasa chai haiwahi hata kuchemka. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD, prosesa iache.

Wiki ya kwanza, kila umeme ukikatika saa ilirudi miaka nyuma na tovuti zikagoma kufunguka. Nikahangaika na modemu bure. Kumbe ni betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu inayotunza saa umeme usipokuwepo; tarehe ikikosewa, tovuti nyingi hukataa.

Kwenye Mint, LibreOffice (programu za bure za kuandika na kupiga hesabu) inatosha, ila jedwali la binti lilivurugika steshenari walipolifungua kwa Word. Siku hizi tunapeleka PDF.

Kinachoniudhi ni pawa saplai: plagi yake kuu ina pini sita, hizi za kawaida za madukani haziingii. Nimeshamwambia fundi wangu akipata G1 iliyokufa, asiitupe kabla hajanipigia.