Epson EcoTank L3250 kwa ofisi ndogo: wino safi, karatasi bado

Ofisi inayotaka kupunguza taka ina sababu ya kuanza na printa, maana hapo plastiki, karatasi na umeme hukutana. L3250 haina katriji. Ina matangi manne ya wino unayoyajaza kwa chupa. Kwa makadirio ya mtengenezaji, chupa nyeusi ya mililita 65 hutoa kurasa 4,500, na seti ya rangi tatu hutoa 7,500. Katriji ndogo ya kurasa 200 hivi ingebadilishwa zaidi ya mara 20 kufikia kazi ya chupa hiyo moja nyeusi, na kila mara ganda la plastiki lingeishia kwenye pipa. Chupa za kwanza hutoa kurasa pungufu, kwa kuwa wino wake hujaza kwanza njia zote hadi kwenye kichwa cha kuchapia.

Umeme nao ni kidogo. Printa ya leza huyeyusha unga wa wino kwa joto kali na hula mamia ya wati inapochapa. Hii hutumia wati 12 hivi.

Kujaza ni rahisi: chomeka mdomo wa chupa kwenye tundu la tangi, wino utashuka wenyewe na kukoma kwenye mstari wa juu. Usiiminye chupa. Wino usiposhuka, ichomoe na uichomeke tena. Usiuache ushuke chini ya mstari wa chini, kwani printa yaweza kuharibika.

Tatizo ni karatasi. Kwa mashine inayouzwa kwa sifa ya kubana matumizi, kukosa uchapaji wa pande mbili wa moja kwa moja ni kasoro kubwa. Unageuza kwa mkono. Kwenye Windows, mipangilio ya printa ina chaguo la pande mbili kwa mkono, lakini laweza kutoweka printa ikitumiwa kupitia mtandao au EPSON Status Monitor 3, programu ya Epson ya kufuatilia hali ya printa, ikiwa imezimwa. Hapo chapa kurasa za witiri kwanza (1, 3, 5), acha wino ukauke, geuza rundo, kisha chapa za shufwa. Waraka wa kurasa 7 unatumia karatasi 4. Iondoe ile ya ukurasa wa 7 kabla ya raundi ya pili, la sivyo mpangilio utavurugika. Jaribu kwanza na kurasa nne ujue upande wa kugeuzia. Karatasi iliyopinda au yenye unyevu ndiyo hukwama zaidi katika raundi hiyo. Ukiongeza kurasa mbili kwa kila upande, rasimu ya kurasa 100 inaingia kwenye karatasi 25.

Wino hupotea zaidi kwenye usafishaji wa kichwa cha kuchapia. Zima printa kwa kitufe chake, si kwenye soketi: kitufe hukirudisha kichwa kwenye kifuniko chake, na kikiachwa wazi wino hukaukia kwenye matundu yake ya kutolea wino. Maandishi yakianza kuwa na mistari, chapa kwanza ukurasa wa kukagua matundu. Usafishaji mara tatu usiposaidia, iache saa 12 bila kuchapa, kisha kagua tena. Usafishaji mkubwa (Power Cleaning) uwe wa mwisho kabisa, na kila tangi liwe na wino angalau theluthi moja. Wino unaotolewa huko hunywewa na pedi za ndani, na zikijaa printa hugoma hadi zibadilishwe.

Wino wake huyeyuka kwa maji, basi haifai kwa hati za kuhifadhiwa mahali penye unyevu. Trei hubeba karatasi 100, na hakuna kilishio, yaani sehemu inayovuta yenyewe rundo la karatasi za kunakiliwa. Kwa watu watatu wanne wanaochapa barua na ankara, ni chaguo zuri. Ofisi inayochapa ripoti ndefu kila wiki iongeze pesa ichukue L4260, inayogeuza karatasi yenyewe, kwani baada ya wiki chache watu huchoka kugeuza kwa mkono na kurudia upande mmoja.