Soul Cap kwa mtoto wa shule: inabeba nywele, haizuii maji

Wazazi wengi hununua Soul Cap, kofia ya kuogelea yenye nafasi ya nywele nyingi, wakidhani binti atatoka bwawani na nywele kavu. Hatatoka nazo kavu. Hakuna kofia ya silikoni inayozuia maji kabisa, iwe ndogo au kubwa, na muuzaji anayeahidi hivyo anataka tu kuuza. Kazi ya kofia hii ni kuzipa nafasi rasta, dredi au afro iliyojaa bila kuzibana na bila kuvuta nywele za kwenye paji. Kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko kofia ya kawaida, na kwa mtoto anayekwenda bwawani na darasa zima huku mwalimu akitazama saa, mara nyingi hilo ndilo linaloamua kama ataingia majini au atakaa kwenye benchi na barua ya udhuru.

Kampuni ilianzishwa London mwaka 2017 na Michael Chapman na Toks Ahmed-Salawudeen. Kofia ni ya silikoni, nyuma ina mfuko mrefu na mpana, na inatoka kwa saizi kadhaa ikiwemo ya watoto. Bei yake ni mara kadhaa ya kofia ya kawaida, kwa hiyo saizi isikosewe.

Na hukosewa sana. Mzazi anaona rasta za mtoto zinafika mgongoni, anachukua saizi ya mtu mzima, tena anajiambia atakua nayo. Mdomo wa kofia unakuwa mpana kuliko kichwa, maji yanaingia kwa wingi, mfuko unajaa, na mtoto anavutwa kichwa kwenda nyuma kila anapojaribu kulala kifudifudi. Mwalimu anadhani hajui kunyoosha shingo. Angalia kwanza mdomo wa kofia unavyokaa kwenye paji na kisogoni, ndipo uulize kama mfuko unatosha nywele. Ukibaki na nafasi kidogo ndani, sawa. Mfuko ukiwa nusu mtupu, hiyo si saizi yake.

Kuivaa kunahitaji mazoezi nyumbani kabla ya siku ya kwanza. Rasta zifungwe chini kisogoni kwa kamba laini, zikunjwe mara moja au mbili. Zikifungwa fundo utosini, kofia itapanda juu yenyewe na kuchomoka. Nywele zisizo na rasta zinakaa vizuri zaidi zikisukwa twende kilioni, mistari sita hadi nane, ncha zikielekea shingoni. Shanga zote zitolewe, na vibanio vya chuma pia, kwa sababu silikoni ikishapata tundu dogo huchanika hapo hapo inapovutwa.

Kisha lowesha nywele kwa maji safi ya bomba mpaka zishibe. Wengi hudharau hatua hii, lakini ndiyo inayolinda nywele kuliko kofia yenyewe: nywele zilizokwisha kunywa maji safi zina nafasi ndogo ya kunywa maji ya klorini. Juu yake paka kondishena, vijiko viwili vya chakula kwa nywele zinazofika mabegani, ukianzia sentimita tatu hivi kutoka kwenye paji. Ukipaka mpaka ukingoni kofia itateleza. Mafuta ya nazi nayo yanafaa kwa kiasi, mradi kofia ni ya silikoni, maana lateksi huoza kwa mafuta.

Sasa mtoto ainamishe kichwa mbele. Mtu mmoja ashike mdomo wa kofia kwa viganja vya mikono miwili, si kwa kucha, aingize nywele zote kwenye mfuko, kisha avute ukingo mpaka vidole viwili juu ya nyusi na kuuteremsha nyuma ya masikio mpaka shingoni. Mwisho bonyeza mfuko kutoka juu kwenda chini ili hewa itoke. Hewa ikibaki ndani, kofia inaelea na kujivua yenyewe mtoto anapozamisha kichwa. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, hatua hizi hazifanyiki bila mtu wa kumsaidia.

Hapo ndipo shule inapoingia. Mtaala wa Uingereza unataka mtoto amalize shule ya msingi akiweza kuogelea angalau mita 25. Kwa takwimu zilizotolewa na Swim England, chama cha kuogelea cha huko, asilimia 80 ya watoto Weusi na asilimia 95 ya watu wazima Weusi nchini humo hawaogelei. Nywele si sababu pekee. Kuna ada, umbali, na wazazi ambao wenyewe hawakufundishwa. Ila nywele ndizo shule inaweza kuzishughulikia wiki hii hii bila bajeti mpya.

Shirikisho la kuogelea duniani, FINA wakati huo, lilikataa kofia hii Julai 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, kwa hoja kwamba haifuati umbo la asili la kichwa. Mwaka huo huo Alice Dearing, ambaye alikuwa ameshirikiana na kampuni hiyo, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki, mbio za kilomita 10. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba 2022 kofia ikakubaliwa. Kwa hiyo mwalimu anayesema kofia kubwa hairuhusiwi kwenye mashindano ya shule anafuata sheria iliyokwisha kubadilishwa. Mwonyeshe kibali.

Kama shule inashikilia kofia moja ya aina moja kwa wote, andika barua badala ya kubishana mlangoni pa bwawa. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 inakataza ubaguzi wa rangi shuleni, na ule usio wa moja kwa moja umo ndani yake: kanuni inayoonekana sawa kwa kila mtu lakini inawaumiza watu wa asili fulani. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ilitumia msingi huo dhidi ya shule ya London iliyomkataa mvulana kwa sababu ya nywele za kusukwa, na Oktoba 2022 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ikatoa mwongozo kuhusu nywele shuleni. Barua iombe mambo matatu: kofia ya saizi ya mtoto, mtu mzima wa kumsaidia kuivaa, na dakika kumi zaidi baada ya kipindi. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na likikosekana mtoto anarudi darasani kwenye baridi ya Januari shingo ikichuruzika maji.

Dakika hizo kumi zina kazi. Suuza kwa maji ya bomba mara tu anapotoka, kamua kwa fulana ya pamba, usisugue kwa taulo. Harufu ya klorini inapungua ukinyunyizia maji yenye unga wa vitamini C, nusu kijiko cha chai kwa nusu lita. Rasta zisifungwe zikiwa mbichi. Nywele za bandia hukaa na maji ndani kwa saa nyingi, na zikifunikwa hutoa harufu ya ukungu ambayo hata shampuu haiimalizi. Kofia yenyewe isuuzwe, ikauke kivulini, ipakwe poda kidogo ndani ili isigandane.

Nani asinunue? Mtoto mwenye afro ya sentimita tano anatoshwa na kofia ya kawaida ya silikoni ya nywele ndefu. Kwa Tanzania, ambako shule nyingi za serikali huwataka wasichana wanyoe, haina kazi kwa wanafunzi hao. Wateja huko ni watoto wa shule binafsi zenye mabwawa. Wasioweza bei wachukue kofia ya laikra, yaani ya kitambaa kinachovutika, ambayo inapitisha maji lakini haivuti nywele, na juu yake wavae kofia pana ya silikoni ya bei ndogo. Mbili hizo kwa pamoja hazichomoki kirahisi, na laikra hulinda nywele za ukingoni zisikatwe na mpira.