Kwa khanga nendeni, kwa beji fungueni macho

Kibanda chenyewe hakina bango. Kiko Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Lumumba, kimebanwa kati ya fundi saa na muuza vyerehani chakavu. Nimeshakwenda mara tatu kusaka vitu vya siasa vya zamani. Ugonjwa huu ulinianza marehemu mama aliponiachia kadi yake ya TANU.

Mali ya maana pale ni khanga. Mzee huzihifadhi kwenye sanduku la bati, na ukilifungua harufu ya naftalini inakupiga puani. Safari hii nimepata doti ya kumbukumbu ya Mwalimu, ya baada ya msiba wa 1999, haijakatwa wala kupindwa. Sura yake iko katikati ya mji, na pindo halijapauka hata kidogo. Alianzia elfu sitini, tukamalizana kwa arobaini. Sijaona ghali. Khanga hizi watu walijifunga, wakabebea watoto, mwisho zikadekia sakafu. Doti nzima haipatikani kirahisi. Akikupa kipande kimoja, usikubali hata nusu ya bei.

Kwenye beji ndiko nilikopigwa. Mara ya kwanza aliniuzia beji ya bendera, "ya siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961", kwa elfu ishirini na tano. Nyumbani nikaisugua kwa mswaki, kutu ikatoka, ikajitokeza buluu. Buluu! Bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani, nyeusi na njano. Buluu tumeipata kwa Zanzibar, baada ya Muungano wa 1964. Na mimi nafundisha historia.

Nikarudi nayo.

"Shikamoo mzee. Hii buluu imetoka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Wewe si ulitaka ya zamani? Hiyo si ya zamani?"

Hela hakurudisha. Alinifidia kwa sarafu mbili za shilingi moja za 1966, zile za mkono ulioshika mwenge. Moja imelika hadi Mwalimu hana pua.

Kadi za chama anazo kopo zima, zina majina na picha za watu. Hizo sikuzigusa.

Wahi kabla ya saa sita. Mchana mzee huenda kulala, na kijana anayemwachia kibanda hajui bei: kila unachoshika, elfu hamsini.